Pishi Kumi na Mbili za Mama Kabula

Mjukuu wangu Minza alirudi kutoka sokoni juzi, hapa Geita, akiwa na kisado cha maharage, akaniuliza swali lililonifanya niweke kikombe cha chai chini.

"Babu, kuna mama muuzaji ameniambia zamani walikuwa wanauza kwa pishi. Pishi ni kilo ngapi?"

Nikamwambia pishi haina kilo. Akacheka, akaona nimezeeka. Minza anasoma chuo cha ufundi. Anatumia mashine ya kuchomelea ambayo mimi nikiitazama tu macho yanajaa machozi, kwa hiyo ana haki ya kunicheka. Lakini swali lake limekaa nami siku tatu, na nimeona heri niliandikie jibu, kwa ajili yake na kwa ajili yenu wote mnaojifunza kukata bati, kushona, kujenga, kazi yoyote ile ambayo mtu mwingine ataiamini ingawa hakuwepo ulipokuwa unaifanya.

Nimekuwa fundi bati kwa miaka arobaini na moja. Ya mwanzo nilikuwa Shinyanga mjini, iliyobaki nilikuwa huku kwenye dhahabu. Nimetengeneza ndoo, makarai, mabomba ya moshi, milango ya mabanda ya kuku, koroboi ambazo sikuzihesabu, na sanduku moja la bwana harusi ambaye uchumba wake ulivunjika, akalirudisha na kuniomba nilifanye kuwa maboksi ya mizinga ya nyuki. Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kutengeneza pishi.

Pishi ni chombo cha kupimia nafaka. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, na lile debe la mafuta ya taa lililokuwa kila nyumba lilikula pishi saba na kitu juu. Kilo hazimo humo kwa sababu pishi inapima nafasi. Pishi ya mtama ni nzito kuliko pishi ya alizeti. Na pishi ya michembe ndiyo inayodanganya kuliko zote, maana vile vipande vya viazi vikavu husimama vikaegemeana, vikaacha mapango katikati. Bibi yangu alikuwa hanunui michembe mpaka muuzaji akubali kuivunjavunja mbele yake.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Sefu. Wazee wake walitoka Ujiji wakakaa Tabora, na yeye akaja Shinyanga na mkasi mmoja wa bati na nyundo ya mti. Nilipofika kwake nilikuwa mtu mzima, nina mke na watoto wawili, nimetoka kwetu upande wa Samuye baada ya ng'ombe wetu kuisha kwa ugonjwa. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee, natafuta kazi." Akaitikia marahaba huku anaitazama mikono yangu badala ya uso. Akaniambia nikutanishe viganja. Akanimiminia mchele mpaka vikajaa, kisha akaniambia niumimine kwenye kibaba cha shaba kilichokuwa kinaning'inia ukutani. Mchele ukafika mdomoni, haukumwagika, haukupungua.

"Una mikono ya kibaba," akasema. "Kaa hapo."

Nilidhani ni uganga. Baadaye alinieleza kwamba kibaba kilianzia hapo hapo, kwenye viganja viwili vya mtu wa kawaida. Babu yake alimsimulia habari za wapagazi waliopita Tabora na mizigo ya watu, kila mmoja posho yake kibaba kimoja kwa siku. Na Waislamu wanapotoa fitri mwisho wa Ramadhani, hutoa pishi moja kwa kila mtu wa nyumbani, yaani viganja vile mara nne. Mimi ni Mkristo, lakini kila mwaka mwezi ule ukikaribia kwisha niliwaona watu wakija dukani kuazima pishi ya Mzee Sefu, kwa sababu hawakutaka kumpelekea Mungu kipimo chenye mashaka.

Neno pishi lenyewe limetoka wapi? Nimeuliza sana. Mzee mmoja wa sokoni aliniambia linatokana na kupika, kwa kuwa pishi ni chakula cha nyumba moja kwa siku. Mwalimu mmoja akaniambia limekuja na wafanyabiashara wa pwani. Mzee Sefu, aliyezijua pishi kuliko wote wawili, alisema, "Sijui. Na wewe ukiulizwa sema hujui. Usimdanganye mtu kwa jambo ambalo hata tumbo halijazi."

Basi nasema sijui.

Namna ya kuitengeneza najua. Unachukua kigezo, yaani kipande cha bati gumu kilichokatwa kwa vipimo vya pishi, unakilaza juu ya bati jipya, unachora kukizunguka kwa msumari. Unakata. Unakunja likawa mviringo, unapandisha ncha moja juu ya nyingine upana wa kidole, hapo ndipo penye mshono, halafu unalehemu. Unatia kitako, unakunja mdomo ili usikate mikono ya akina mama. Fundi mzembe huishia hapo. Mzee Sefu alikuwa na hatua moja zaidi: alikishusha kile kibaba cha shaba, alichokiita kibaba mama, akachota maji mara nne na kuyatia ndani ya pishi mpya. Maji yakifika mdomoni na kusimama, pishi inakwenda sokoni. Yakimwagika au yakipungua, inarudi mezani. Kibaba mama hakikuuzwa wala hakikuazimwa. Mwenye gari moja la mizigo aliwahi kukitaka kwa mbuzi wawili, Mzee Sefu akamkaribisha chai na kumwambia mbuzi wake wazuri.

Nilipohamia huku Geita nilikuta watu wanapima mchanga. Wachimbaji wadogo wakishatoa mawe kwenye duara, yale mashimo yao, huyasaga, na kabla ya kwenda kuosha wanagawana: mwenye duara, wachimbaji, mwenye mashine. Kopo la kugawia likipungua upana wa kidole, sururu zinainuliwa. Waliniita mara nyingi niwatengenezee kopo ambalo pande zote zimelikubali, na nililijaribu kwa maji mbele yao wote, watu wenye haraka kama nini, wamesimama kimya kama wako kanisani. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kuvumilia kupata kidogo. Asichovumilia ni kupata kidogo kwa kipimo ambacho mwenzake hakupimiwa.

Siku hizi ni visado vya plastiki na ndoo za plastiki. Sina ugomvi navyo, havipati kutu. Ila mkinunua, geuzeni chombo kwanza mtazame kitako. Wapo wanaokipasha moto na kukisukuma ndani. Tazameni pia mkono wa mpimaji: anayemimina taratibu kutoka karibu anaacha nafaka imelala legelege, anayemimina kutoka juu anaishindilia. Naye anayetikisa, anatikisa akiwa ananunua, akiuza hatikisi. Mjue hayo, lakini msimwite mtu mwizi haraka. Nitawaambia kwa nini.

Mwaka mmoja, nikiwa bado Shinyanga kwa Mzee Sefu, mvua ilikatika mapema, mtama ukakauka ukiwa umefika magotini. Kijiji kimoja jirani na kwetu Samuye kilipata magunia kumi na tano ya mahindi ya njano ya msaada. Kaya zilikuwa mia moja na nane. Mwanamke aliyepewa kusimamia ugawaji aliitwa Mama Kabula, mjane, mkulima wa dengu, mtu wa maneno machache. Watu walimchagua kwa sababu hiyo hiyo, kwamba hakuwa na maneno.

Mama Kabula alijua kwamba kila nyumba pale kijijini ina pishi yake, na hakuna mbili zinazofanana. Nyingine zilikuwa makopo tu yaliyokatwa. Akafungua gunia moja, akalipima kwa pishi ya zamani ya mzee mmoja anayeaminika, akapata pishi thelathini na sita. Magunia kumi na tano yakawa pishi mia tano na arobaini, ambayo ni pishi tano kwa kila kaya bila kubaki kitu. Kisha akaja mjini kwetu kuagiza pishi kumi na mbili, moja kwa kila balozi wa nyumba kumi, zote sawasawa, ili asitokee mtu wa kusema balozi fulani ana pishi kubwa.

Siku aliyokuja Mzee Sefu alikuwa Tabora kwenye msiba wa dada yake. Duka nilikuwa nalo mimi.

"Nazitaka baada ya siku tatu," alisema Mama Kabula. "Watu wanangoja chakula."

"Utazipata, mayu," nilimjibu. Mayu ni mama, kwa Kisukuma chetu.

Kigezo cha pishi kilikuwa kimechakaa, pembe zimejikunja, kila ukichora mstari unakwenda upande. Nikaona nitengeneze kipya. Nikachukua pishi moja nzuri, nikaizungushia uzi kwa nje, nikaupima uzi, nikakata kigezo changu sawasawa na ule uzi. Nilijiona mwerevu. Kigezo cha Mzee Sefu alikikata tangu ujana wake, hiki changu kipya kinang'aa.

Ninyi mnaosoma chuo mmeshaona kosa. Mimi sikuliona. Uzi ulizunguka pishi mara moja tu, lakini bati linahitaji kuzunguka mara moja na upana wa kidole juu yake, ule unaopanda kwa ajili ya mshono. Nikakata mabati kumi na mawili yaliyopungukiwa kidole, nikayakunja, nikayalehemu. Yalikuwa mazuri sana. Mishono imenyooka kama imechorwa.

Na kwa maji sikujaribu. Mji ulikuwa na shida ya maji, tulikuwa tunayanunua ndoo kwa ndoo kwa wenye mikokoteni, na dukani ilibaki ndoo moja. Nilijiambia kwamba kuyatia maji ndani ya pishi kumi na mbili mwaka wa ukame ni ufujaji. Nilijisikia mtu mwema kabisa.

Mama Kabula akaja siku ya tatu, akazifunga kwenye kanga mbili, akashukuru, akaondoka.

Yaliyotokea kijijini niliyasikia baadaye. Mabalozi waligawa siku moja, kila kaya pishi tano za mfuto, yaani zimesawazishwa kwa ufito. Walipomaliza, mahindi hayakuwa yameisha. Limebaki gunia moja karibu zima. Mama Kabula mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwambia mwenyekiti kwamba kuna ziada na yeye haielewi. Jioni ile ile wanawake waliofika nyumbani wakapima tena kwa vibaba vyao, wakakuta pungufu. Pishi tano zimekosa zaidi ya kibaba kizima.

Unganisheni wenyewe. Pungufu kwa kila nyumba, gunia limebaki ghalani, na pishi mpya ambazo mama huyu alizifuata mwenyewe mjini. Mzee mmoja, Mzee Shija, alisimama akasema mbele za watu kwamba Mama Kabula alikwenda kuzifupisha kwa fundi, na kama asingeogopa, lile gunia lingekwisha kuhama. Wakamnyang'anya ufunguo wa ghala. Kisimani, akifika, mazungumzo yakawa yanakatika.

Mzee Sefu alikuwa amerudi kutoka msibani kama siku nne hivi Mama Kabula alipoingia dukani. Alikuwa amekuja kwa miguu, vumbi limempanda mpaka magotini. Alimwamkia mzee, mzee akamwitikia na kumpa kigoda. Hakukaa. Alitoa pishi moja kutoka kwenye kikapu akaiweka mezani.

"Fundi," alisema, "nimekuja kuuliza neno moja tu. Hapa niliagiza pishi, au niliagiza kitu kingine?"

Mzee Sefu alinitazama. Nilimwambia, "Aliagiza pishi."

Hakuuliza zaidi. Alishusha kibaba mama, akachota mtama kwenye debe, akamimina kibaba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kilijaza pishi kabla hakijaisha. Mtama uliobaki aliumwaga juu ya kipande cha bati, ukawa konzi moja ya mkono.

"Kigezo kiko wapi?"

Nikakileta. Akakilaza juu ya kile cha zamani, akavikutanisha pembe kwa pembe. Cha zamani kilichungulia upande mmoja, upana wa kidole.

"Mshono," alisema.

"Nilisahau, mzee."

"Kusahau kupo. Kwa maji ulijaribu?"

"Maji yalikuwa machache. Niliogopa kuyapoteza."

"Vibaba vinne, Maduhu," alisema kwa sauti ya chini. "Unavitia kwenye pishi ya kwanza, unavihamishia ya pili, mpaka ya kumi na mbili, halafu unavirudisha kwenye ndoo. Vinapotea wapi?"

Mama Kabula alikuwa bado amesimama. Mzee Sefu alimgeukia akamwambia, "Mama, kosa ni la duka langu. Kesho nitakuja kulisema huko lilikokuumizia." Yeye akaitikia kwa kichwa, akachukua kikapu chake. Tukamwomba apumzike, anywe maji kwanza. Alikunywa akiwa amesimama, akaondoka.

Nitawaambia ukweli, nilitaka mzee aandike barua. Nilimwambia barua yenye jina la duka inatosha, mwenyekiti ataisoma. Aliniuliza, "Waliomtukana walimwandikia barua?" Huko kulikuwa karibu na kwetu. Kulikuwa na wajomba zangu, na watu waliokuwa wakisema Maduhu amekwenda mjini amekuwa fundi mkubwa.

Asubuhi nikampakia kwenye baiskeli. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mwembamba, amevaa kanzu yake ya Ijumaa, amekipakata kibaba mama kilichofungwa kwenye kitambaa. Njia ile ina mchanga, mara kadhaa tulishuka nikasukuma. Hakunisemesha habari ya kosa. Alinieleza jinsi dada yake alivyokuwa mcheshi.

Watu walikutana nje ya ghala la pamba. Mama Kabula alikaa peke yake pembeni ya mstari wa wanawake. Mzee Sefu alisimama, akaamkia wazee, akajitaja jina na kazi, akasema, "Pishi zilizowapunja zimetoka kwangu. Mama huyu aliagiza pishi kamili. Hakuomba zifupishwe, na hakujua."

Mzee Shija akauliza, "Wewe ulikuwepo alipoagiza?"

"Sikuwepo. Nilikuwa msibani."

"Basi unajuaje?"

Nilielewa kwamba mzee wangu hawezi kulijibu swali lile, na kwamba yuko mtu mmoja tu anayeweza. Nilisimama.

"Mimi ndiye niliyekuwepo," nilisema. "Naitwa Maduhu, wengine mnanifahamu. Mama alisema anataka pishi kumi na mbili zilizo sawa ili pasiwe na manung'uniko. Hayo ndiyo maneno yake. Bati nililikata mimi, nikasahau sehemu ya mshono. Sikuzijaribu. Hakunipa kitu na hakunielekeza kitu."

"Alikupa nini useme hivyo leo?" akauliza mwingine kutoka nyuma.

"Angenipa nini? Mkiniona mwizi pamoja naye, mimi nimepata nini?"

Wengine walicheka kidogo, nami nikapata pumzi. Mzee Sefu akafungua kitambaa. Akamwita mwanamke yeyote atakaye, akaja mama mmoja mwenye mikono ya kulima. Akamwomba akutanishe viganja, akamjazia mahindi, akayamimina kwenye kibaba mama. Yakalingana na mdomo. Minong'ono ikapita, wakidhani ni uganga kama nilivyodhani mimi siku yangu ya kwanza. Kisha akazipima pishi zote kumi na mbili moja moja, na kila moja ikatema konzi ile ile ya mahindi. Hapo ndipo palipowageuza watu. Mwizi asingekwenda mwenyewe kutangaza ziada. Na pishi hizi zote zilikosea sawasawa, kosa la mkono mmoja na kigezo kimoja.

Mwenyekiti akatoa gunia lililobaki. Wakakubaliana kila kaya iongezewe kibaba kimoja kwa kibaba mama, na kitakachobaki kigawiwe kwa konzi mpaka gunia likung'utwe. Wakamwambia Mama Kabula aje apime.

"Apime aliyekosea," alisema. "Mimi nitatazama."

Basi nilipima mimi. Kaya mia moja na nane. Wajomba zangu walipita mbele yangu, wakanyoosha vyombo vyao, hawakunisalimia kwa jina. Jua lilikuwa kali na mkono ulianza kutetemeka kwenye kaya ya themanini hivi, na kila mkono ulipotetemeka Mama Kabula, aliyesimama karibu yangu, alisema tu, "Sawazisha," nami nikasawazisha. Mzee Shija alikuwa wa mwisho mwisho. Alipopokea chake hakuondoka.

"Mama Kabula," alisema, "mdomo wangu ulitangulia."

"Nimesikia," alijibu. Mzee akaenda zake. Mwenyekiti alimrudishia ufunguo wa ghala. Aliupokea kwa mikono miwili.

Tulirudi mjini na zile pishi fupi. Mzee Sefu alizifumua mishono mwenyewe, akanipa mabati yake nitengeneze koroboi, akasema bati halina kosa. Pishi kumi na mbili mpya alizikata yeye, nami nilipuliza moto tu. Akazipeleka. Tangu siku ile mkasi wa kukatia pishi ukawa unakaa upande wake wa meza. Hakunikataza kwa maneno. Nilitengeneza faneli, nikatengeneza makarai, nikaziba masufuria yaliyotoboka, na kila mteja wa pishi alipokuja nilijikuta nina shughuli nyuma ya duka.

Mke wangu aliniuliza mara moja kama nafikiria kurudi kulima. Nilikuwa nafikiria.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa nzuri. Baada ya mavuno, asubuhi moja, Mama Kabula akaingia dukani. Safari hii alipanda lori la mnadani, na alipopewa kigoda alikaa. Walizungumza na Mzee Sefu habari za dengu na za mtama, jinsi vihenge vilivyojaa mpaka watu wanahifadhi ndani ya nyumba. Nilimwamkia kutoka nilipokuwa, nikaendelea kupiga karai langu.

"Nataka pishi moja," alisema. "Ya nyumbani kwangu. Binti yangu Kabula anaolewa, nataka aende nayo."

"Nitakukatia sasa hivi," alisema Mzee Sefu.

"Samahani, fundi. Nataka anitengenezee huyu."

Niliacha kupiga karai. Mzee Sefu alimtazama. "Huyu?"

"Huyu."

"Kwa nini, mama?"

Mama Kabula alijifunga kanga yake vizuri kabla ya kujibu. "Wewe, fundi, sijui kama utakosea siku moja. Hata wewe hujui. Huyu nilimtazama akipima kaya mia moja na nane, na mkono unatetemeka, na hakuipunja hata kaya ya mwisho. Mtu wa namna hiyo ndiye nataka awe amekata pishi ya mwanangu."

Mzee Sefu aliuchukua mkasi kutoka upande wake wa meza, akauweka mbele yangu, akatoka nje kuongea na jirani kana kwamba ana jambo la haraka.

Nilikata. Nililehemu. Nilikunja mdomo mara mbili ili uwe laini. Mama Kabula alikaa pale muda wote, anatazama mikono yangu. Nilipomaliza nikaenda kuchukua ndoo na kibaba mama, na niliporudi nilimkuta ameshaipangusa pishi kwa pindo la kanga na kuiweka ndani ya kikapu.

"Mayu, ngoja niijaribu kwanza."

"Jaribu," alisema, akaitoa akanipa, na kabla sijachota kibaba cha kwanza akasimama, akaangalia nje kutafuta lori lake. Hakutazama maji yalifika wapi.